Kiti cha Mwanyumba

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika mji wa katikati ya milima saa nane mchana. Baridi kali. Miguu imevimba. Mke wangu ametapika kona kumi na saba. Nilizihesabu mwenyewe, kwa kuwa hakuna kazi nyingine niliyopewa.

Niandike kila kitu vizuri ili siku moja haki ijulikane. Tuko wanne. Mimi. Mke wangu. Dada yake mkubwa, yaani shemeji. Na mume wa shemeji, yaani mwanyumba wangu, mpima ardhi, mtu ambaye Mungu alimuumba asubuhi akiwa na nguvu. Mimi nadhani niliumbwa jioni, karibu na saa ya kufunga.

Tunakwenda ng'ambo ya mlima kwa mama mkwe. Jumamosi saa nne asubuhi anafanyiwa upasuaji, ana mtoto wa jicho. Amesema anataka binti zake wote wawili wawe pembeni ya kitanda kabla hajafungwa jicho. Wote wawili. Kwenye simu alilirudia hilo mara tatu. Sababu ya kulirudia ni mimi. Mwaka juzi alipovunjika mguu, shemeji alifika, mke wangu hakufika, kwa vile nilikuwa nimegundua njia ya mkato. Sitaki kuizungumzia. Njia ilikuwepo kweli, ila haikuwa na daraja.

Ndiyo maana tangu nyumbani, mabegi yakiwa mlangoni, mke wangu aliniambia kwamba safari hii tiketi zote atashughulika nazo mwanyumba. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema nibebe begi la bluu.

Begi la bluu! Mimi, mchonga mihuri wa miaka ishirini na mbili. Mjini kwetu hakuna ofisi inayoweza kusema "imepokelewa" bila mkono wangu.

Na mwanyumba amekuja na kiti. Kiti cha kukunja, cha turubai ya kijani, kina mfuko wa kuwekea chupa ya chai. Nani husafiri na kiti? Tuliposhuka alikifungua pale stendi kwa mkono mmoja, akamkalisha mke wangu apate pumzi. Mke wangu akasema jamani, shemeji huyu anafikiria kila kitu. Nilisimama nimekumbatia begi la bluu. Nilikitaka kile kiti kwa moyo wangu wote.

Mama mkwe humwita mwanyumba "mwanangu". Mimi huniita "yule wa mdogo wake". Basi nimeapa. Tutavuka mlima kwa tiketi nilizokata mimi, tena viti vya mbele kabisa, na mama mkwe ataambiwa ni nani aliyemletea binti zake.

Jumanne, 5 Agosti

Siku mbaya. Lakini nianze na utaratibu wa hapa, maana bila kuujua mtu anaweza kudhani nina makosa.

Njia ya mlimani ni nyembamba, magari makubwa hayapishani. Basi ni moja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa linakwenda ng'ambo. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi linarudi. Jumapili linaoshwa. Tiketi za kwenda huuzwa siku moja kabla, kwenye kidirisha kimoja, na mama mmoja mwenye miwani anayeitwa Mama Tiketi. Dirisha hufunguliwa saa tatu. Basi kesho, Jumatano, ilikuwa siku yetu.

Tena hapa watu hawapangi foleni. Vitu ndivyo vinavyopanga. Unakuja alfajiri, unaweka kitu chako kwenye mstari mbele ya dirisha, kisha unakwenda kuketi ukutani ambako jua linapiga. Redio mbovu. Ndoo. Jiwe lenye alama ya chokaa. Mama Tiketi haiti watu majina, anaita vitu. Jiwe! Redio! Na wewe unainuka.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Nikaweka kandambili yangu ya kushoto. Nikahesabu. Ya kumi na moja. Nikatazama mbele. Cha tatu kutoka dirishani, kimefunguliwa kabisa, kimenyoosha miguu kama mwenye nyumba, kiti cha kijani.

Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda kutafuta chai. Watu wote ukutani walikuwa wamefumba macho wakiota jua. Nikainama kana kwamba nafunga kamba za viatu. Nikabadilishana. Kandambili ikawa ya tatu, kiti kikawa cha kumi na moja. Sikumpunguzia mtu nafasi hata mmoja, hesabu ya foleni ilibaki ileile. Ila mwanamke mmoja alikuwa amefungua jicho moja. Mama Ndoo. Kazi yake ni hiyo tu, kungoja: wenye haraka wanamtuma, naye na ndoo yake wanakaa foleni badala yao. Alinitazama, akalifumba tena.

Mwanyumba akarudi na vikombe viwili. Kimoja changu. Amekumbuka kwamba nakunywa sukari nyingi. Akakitazama kiti chake, akakuna kichwa, akasema aliamini kabisa amekiweka mbele zaidi, huenda hewa ya mlimani inamchanganya. Akajicheka mwenyewe.

Saa tatu. Redio akanunua. Ndoo akanunua. Kisha nikasikia, Kandambili! Nikainuka kifua mbele. Nikasema nne, za mbele. Mama Tiketi hakuinua uso, akataka nimwonyeshe kandambili ya pili. Nikasema sina, iko gesti, nimevaa viatu kwa sababu ya baridi. Akanyoosha kalamu kuelekea ubao ukutani. Imeandikwa: MWENYE KIATU AONYESHE PEA YAKE. Eti zamani watu wawili waligombania kiatu kimoja.

Nikakimbia. Gesti iko juu, ngazi sitini na nne. Hewa hakuna. Niliporudi na kandambili ya kulia, ya kushoto ilikuwa imesogezwa mkiani, na dirishani alikuwa anaitwa Kiti. Vimebaki viti vitatu. Mwanyumba akavuta pumzi. Akasema sisi tuko wanne, hatutaki kuachana njiani, na Ijumaa bado ipo. Vile vitatu akamwachia mama mmoja aliyekuwa na dada zake wawili. Watu ukutani wakapiga makofi.

Mke wangu alikuwa amekuja kutazama. Alimtazama mwanyumba kwa namna fulani. Mimi aliwahi kunitazama hivyo mwaka tuliooana, mwezi wa kwanza.

Tayari stendi nzima inamwita Bwana Kiti, kwa heshima. Mimi naitwa Kandambili.

Jumatano, 6 Agosti

Basi limeondoka saa moja bila sisi. Nililisindikiza kwa macho hadi kona ya kwanza. Bado kuna la Ijumaa, linafika ng'ambo saa kumi jioni, Jumamosi asubuhi tutakuwa hospitalini. Baada ya hilo hakuna lingine la kuwahi upasuaji. Mke wangu amelisema hili wakati wa kufungua kinywa, halafu akanitazama, ingawa wote wanne tulikuwa mezani.

Saa nne nikapita ofisini kuchunguza hali. Nani yuko ndani? Mwanyumba. Ametoa futi yake, anapima kizingiti cha Mama Tiketi kilichoinama, eti mlango hauwezi kufungwa vizuri. Mama Tiketi anacheka. Mama Tiketi, ambaye jana hakuinua uso! Kisha nikaona wameinamia lile daftari kubwa lenye picha ya basi iliyochorwa kwa rula, viti vyote thelathini na viwili. Mwanyumba anaeleza jambo, anaonyesha kwa kidole, mama anatikisa kichwa kwa huruma. Sikusikia neno. Roho iliniuma hata nikakaa kwenye jiwe la mtu.

Lakini akili ni nywele. Nilikuwa nimeona kitu kimoja. Vile viti anavyowawekea wagonjwa na wenye shida, Mama Tiketi anaviandika "imehifadhiwa" kwa kalamu ya risasi, herufi kwa herufi, mpaka mkono unamchoka. Neno refu lile. Ofisi inayoandika neno refu kwa mkono ni ofisi inayolia muhuri.

Sisafiri bila kisu changu na kidau cha wino. Mpira ndio sikuwa nao. Nikatafuta chumba kizima. Mwishowe nikaitazama kandambili ya kulia. Kisigino chake ni kinene, laini, hakina nyufa. Nikakata kipande cha mraba mrefu, nikaketi kitandani tangu saa tano hadi saa tisa. IMEHIFADHIWA. Herufi zote kinyumenyume, mistari kama imelazwa na mashine, na M yangu yenye mkia, ambayo kila karani kwetu anaijua. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Mke wangu akaniuliza mbona natembea na soksi. Nikasema naipumzisha miguu.

Nikampelekea Mama Tiketi nimeufunga kwenye karatasi safi. Akaujaribu kwenye gazeti. Akaujaribu kwenye kalenda. Akaujaribu kwenye kiganja chake. Akasema miaka kumi na tisa katika kazi hii, hajawahi kupewa hata kifutio. Nikasema ni heshima yangu kwa ofisi. Kisha, kwa upole, nikagusia viti vinne vya mbele. Akasema kesho tutaona.

Tutaona! Mimi nimefanya kazi na maofisi maisha yangu yote. Tutaona ni ndiyo iliyovaa koti. Kesho sina haja ya kuamka alfajiri.

Alhamisi, 7 Agosti

Nina hasira, nina njaa, na nimebaki na kandambili moja. Nieleze.

Nilifika saa tatu juu ya alama. Sikuweka kitu kwenye foleni, mtu mwenye muhuri hapangi na ndoo. Nikashangaa kuona kiti cha mwanyumba nacho hakipo kwenye mstari. Alikuwa amekikalia kule ukutani, anasoma gazeti.

Nikaenda kwenye dirisha kama mtu anayesalimia tu. Daftari limefunguliwa. Kiti namba moja, mbili, tatu, nne. Juu yake, kwa wino mweusi uliokoza, IMEHIFADHIWA, na M yangu yenye mkia. Moyo ukanicheza. Nikamuuliza kwa utani, mama, hawa wenye bahati ni akina nani?

Akasema Bwana Kiti na watu wake, jumla wanne. Alikuja jana, akamweleza habari za mama mzazi anayepasuliwa jicho, na mdogo mtu anayetapika asipokaa mbele. Naye akamwahidi hapohapo. Aliyebaki kushukuriwa ni mimi, kwa huu muhuri, maana umempendezeshea sana daftari.

Muhuri wangu. Jina lake.

Niwe mkweli, niliwaza kunyamaza. Niliwaza kwa muda mrefu wa kutosha. Tunafika, mke wangu hatapiki, mama mkwe anafurahi. Halafu nikamwona mama mkwe akinyoosha mkono gizani na kusema, yuko wapi mwanangu aliyewaleta? Na nikaona ni mkono wa nani unaoshikwa. Wivu ukanipanda hadi masikioni.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Viti vikifutwa jina la Kiti, vinakuwa huru. Vikiwa huru, na mimi nimesimama hapohapo dirishani na pesa mkononi, vinakuwa vyangu. Watu walewale wanne, viti vilevile vinne, jina tofauti. Nani anaumia? Basi nikainama, nikashusha sauti, nikamwambia Mama Tiketi kwamba Bwana Kiti anaona haya kuja mwenyewe, lakini wameahirisha. Mama amepata nafuu.

Akasikitika. Akachukua kifutio na wembe, akakwangua. Nikasema vizuri, sasa nipe mimi hivyo vinne. Akanitazama juu ya miwani, akauliza kitu changu ni kipi kwenye foleni.

Nikageuka. Vitu kumi na tisa. Cha kwanza, ndoo.

Mama Ndoo akanunua vyote vinne, kwa niaba ya mteja wake mmoja mwenye familia. Alipopita karibu yangu akaniambia, ahsante Kandambili, leo umenirahisishia. Nikakimbia ngazi sitini na nne kuchukua kandambili. Nikashuka ngazi sitini na nne. Nikaiweka mkiani. Nikangoja kwa muda wa saa mbili na nusu nikitoka jasho, huku mwanyumba akinipungia mkono kutoka kwenye kiti chake kwa amani, akidhani mambo yetu yamekwisha. Aliniuliza hata kama ninaumwa.

Ilipoitwa Kandambili nikaonyesha ya pili, ile ya kulia. Safari hii niliibeba! Mama Tiketi akaitazama. Akalitazama lile tundu la mraba mrefu kisiginoni. Akafungua droo, akatoa muhuri, akauchomeka kwenye tundu. Ukaingia sawasawa, bila hata kusukumwa. Halafu akauliza kama ni kweli tangu asubuhi anaipigia ofisi yake muhuri wa kisigino. Nikasema mpira ni mpira.

Akaniambia vimebaki viwili, thelathini na moja na thelathini na mbili, nyuma kabisa juu ya tairi. Nikavichukua. Akavipigia muhuri kwa kandambili nzima, ameishika mwenyewe kama mpini, kisha akaitundika kwenye msumari kando ya kalenda. Akasema zawadi ni zawadi, na mpini wake.

Hapo mwanyumba, aliyekuwa akingoja foleni iishe, akainuka kwenda kuchukua tiketi zake nne. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilisikia Mama Tiketi akimwambia kila kitu, mama amepata nafuu, mmeahirisha, yule ndugu yako amesema. Akatoka. Akaniona. Nilingoja anishike shati. Hakunishika. Alikikunja kiti chake taratibu sana, akaniuliza nimepata ngapi. Nikasema mbili. Akasema basi waende wale dada wawili, sisi tutafuata Jumatatu.

Gestini akawaambia wanawake kwamba ofisi ilichanganya majina, hutokea. Hakunitaja. Shemeji akaamini papo hapo. Hata uongo anausema vizuri kuliko mimi.

Mke wangu hakuuliza kitu mbele yao. Tulipobaki wawili chumbani akazigeuza zile tiketi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama ile M. Akaniuliza kandambili ya kulia iko wapi. Nikasema iko ofisini. Akauliza kandambili inafanya nini ofisini.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa ukingoni mwa kitanda akikunja sweta lake, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema, baba watoto, miaka kumi na tisa sijakuomba kiti cha mbele cha kitu chochote. Niliomba nifike tu. Mwaka juzi mama yangu aliniita nikakosa njia, akavunjika moyo kuliko ule mguu. Nilikuomba nifike tu.

Niliona aibu. Naiandika hapa kwa kuwa ni shajara yangu na hakuna atakayeisoma. Nilitaka kumwomba radhi, maneno yakawa yanapanga foleni kooni. Ndipo nikasikia, ng'ambo ya ukuta wa chumba, mwanyumba akipiga mluzi huku akimfungia shemeji zipu ya begi. Mluzi mzuri, wenye pumzi. Aibu yote ikageuka.

Ijumaa, 8 Agosti

Wameondoka. Tiketi thelathini na moja na thelathini na mbili. Mbele, kwenye viti vyetu, alikaa yule mteja wa Mama Ndoo, bwana mmoja mnene, na familia yake, na ndoo mpya magotini, nayo wameinunua.

Mwanyumba alimpa mke wangu ndimu mbili za kunusa, mifuko ya plastiki na leso yake safi. Mimi nilimpa begi la bluu. Alilipokea. Halafu akafungua dirisha la nyuma, akaniita, akaniambia Jumatatu nije. Akasema nisifanye chochote. Nisibuni kitu, nisimsaidie mtu, nisichonge. Nipande basi tu. Nikaahidi. Nilimaanisha, mpaka basi lilipokata kona ya kwanza.

Siku nzima mimi na mwanyumba. Hakutaja jambo la jana hata mara moja, na hiyo ndiyo mbinu yake. Mchana alinifungulia kiti chake, akasema niketi, nina miguu iliyochoshwa na ngazi. Yeye akakaa kwenye jiwe. Nikaketi.

Ni kiti cha ajabu. Kinakushika mgongo kama kinakujua. Mfuko wa chupa uko pale pale mkono unapoangukia. Niliketi saa nzima nikimchukia.

Saa kumi na moja ujumbe ukaja kutoka kwa shemeji. Wamefika. Mdogo wake ametapika kona zote mpaka akakosa cha kutapika, lakini yuko kwa mama, ameshika mkono wa mama, wanalia wote wawili.

Niliusoma ujumbe ule mara nyingi. Kisha nikagundua kwamba umetumwa kwenye simu ya mwanyumba, sio yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Simu saa saba mchana. Mke wangu. Upasuaji umekwenda vizuri. Mama anakula, anagombana na wauguzi, ni mzima. Mwanyumba alikaa chini ghafla, akafunika uso kwa mikono. Mimi nilibaki nimesimama na simu, tumefungua spika wote tusikie.

Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe nyuma, mpeni. Wakamuuliza nani. Nikasikia, mpeni mwanangu. Nikampa mwanyumba simu, nimezoea. Mama akasema si yeye, yule wa mdogo wake. Akasema binti yake amemweleza yote: jinsi viti vilivyokuwa viwili, na mimi ndiye niliyesema wanawake watangulie, nikabaki nyuma kwenye baridi ili mke wangu afike kwa mama yake. Akasema alinidhania vibaya tangu ule mguu. Akasema, ahsante mwanangu.

Mke wangu ndiye aliyemwambia hivyo. Baada ya Alhamisi. Sijui nifanye nini na jambo hilo.

Mwanyumba alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Yeye ndiye aliyesema wanawake watangulie. Alisikia kila neno. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akanipiga begani kidogo.

Nilipaswa kusema ukweli. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema, usijali mama.

Jicho linafunguliwa Jumanne asubuhi. Mama amesema anataka akifunguliwa awaone wakwe zake wote wawili, na nisikose tena. Jumatatu jioni tutafika. Kila kitu kimekaa sawa. Nilikuwa na furaha ya kweli kwa muda wa dakika mbili, ambazo ndizo alizozungumza na mimi. Baadaye aliomba kuzungumza na mwanyumba. Akazungumza naye dakika sita. Nilitazama saa.

Dakika sita za nini?

Jumapili, 10 Agosti

Alfajiri. Naandika nikiwa nimeketi ukutani pa ofisi, jua bado halijafika.

Mwanyumba amepatwa na mafua. Alikaa sana kwenye lile jiwe juzi. Ameniomba niamke mapema nilete kiti chake foleni kwa niaba yetu sote wawili, kitu kimoja kinatosha, nichukue tiketi mbili tu, viti vyovyote. Amenikabidhi kwa mikono miwili. Akasema ananiamini. Sikupenda alivyolisema.

Nimefika wa kwanza kabisa. Hakuna redio, hakuna jiwe, hata Mama Ndoo hajatoka kwake. Nikakifungua kiti kwa mkono mmoja, nimeshajifunza, nikakiweka mbele ya dirisha. Nikasimama kukitazama. Kinapendeza.

Kisha nikawaza. Kitaitwa Kiti. Tiketi zitaandikwa Kiti. Jumanne mama atafunguliwa jicho, na mtu atasema kwamba safari hii pia tumefika kwa kiti cha mwanangu yule wa kwanza. Nami ndio kwanza nimeitwa mwanangu, tena kwa sifa ambayo si yangu. Si itapauka? Sifa ya kuazima inahitaji kutiliwa nguvu na yako mwenyewe kidogo.

Mke wangu alisema nisifanye chochote. Sikufanya chochote. Nimekikunja kiti tu, nikakiegesha nyuma ya ukuta, kwenye majani, ambako umande hautakiharibu sana. Hakuna aliyeniona. Mahali pake nimeweka kandambili yangu ya kushoto. Ya kwanza, peke yake, mbele ya dirisha lote.

Sasa watu wameanza kuja. Mama Ndoo ameweka ndoo yake nyuma yangu, ameitazama kandambili, ameutazama ule ubao wa ukutani, amenitazama mimi, na sijui kwa nini ameanza kucheka. Wengine wamefuata, vitu ishirini na kitu, mstari umefika barabarani. Mimi nimepumzika. Nimemwonyesha Mama Ndoo kupitia kioo cha dirisha kandambili ya kulia ilivyotundikwa kwenye msumari kando ya kalenda, na muhuri wangu kisiginoni, ili ajue anakaa foleni na mtu wa namna gani. Amecheka zaidi. Wivu ni kitu kibaya.

Saa tatu kasoro dakika mbili. Mama Tiketi anafungua kufuli. Tiketi mbili za mbele kabisa, na safari hii nimehakikisha mara tatu, hakuna kitu nilichosahau.